Pima Maji: Rangi kwanza au paa kwanza?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwakilishi wa wazazi katika kamati ya shule ya msingi ya serikali. Tumepata fungu dogo la ukarabati na kikao kimegawanyika. Mwalimu mkuu na wajumbe wengi wanataka tupake rangi madarasa yote manane, kwa sababu tunategemea ugeni wa wakaguzi. Mimi naona paa la darasa la tatu linavuja, tena kwenye kona ya dirisha kuna ufa umepanda kimshazari hadi kwenye lenta, ile boriti iliyo juu ya dirisha. Mwaka jana ufa huohuo ulizibwa kwa saruji ukapakwa rangi, na sasa umerudi. Nikiongea naambiwa mimi si fundi. Nianzie wapi?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa mkaguzi wa majengo, na iko shule moja niliipitisha ikiwa bado inanukia rangi mbichi. Kuta nyeupe pe, madirisha ya buluu. Mvua za kwanza ziliponyesha nikaitwa tena. Rangi ilikuwa imefanya malengelenge kama ngozi iliyoungua, ufa ulikuwa palepale, na nje, chini ya ukingo wa paa, matone yalikuwa yamechimba mtaro wa kina cha kiganja hadi msingi ukaonekana. Gata lilikuwa limeng'oka upande mmoja. Lilikuwa limeng'oka hata siku ile niliyotia saini; mimi ndiye sikuinua macho.

Tangu hapo nikionyeshwa ufa, nauliza kwanza maji ya paa lile yanaangukia wapi. Udongo wa mfinyanzi ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa. Upande mmoja wa msingi ukiwa unapanda na kushuka ilhali mwingine umetulia, ukuta hupasukia mahali palipo dhaifu, nako ni kwenye kona za madirisha na milango. Kwa hiyo ufa wa mshazari unaoanzia konani, mara nyingi, unasema habari za msingi. Nyufa nyembamba kama unywele zinazotambaa juu ya lipu kama utando wa buibui zisikunyime usingizi.

Najua kwenye kikao kuna mtu atasimama na methali ya kuziba ufa. Mwache amalize. Halafu mwambie ufa wenu ulishazibwa mwaka jana! Ufa unaotembea ukiuziba bila kuondoa kinachousukuma, umeupaka poda tu.

Kujua kama unatembea huhitaji kuwa fundi. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe ukutani. Katikati piga mstari unaoukatiza, weka rula juu ya mstari huo, piga picha. Rudia kila wiki, mahali palepale, hasa baada ya mvua. Ufa ukivuka alama, kikao hakitabishana na wewe tena, kitabishana na ukuta. Lakini ufa ukiwa tayari una upana unaozidi milimita 5, au umetokeza upande wa pili, au lenta yenyewe imepasuka au kupinda, achana na penseli, aitwe mhandisi. Na akiwa bado hajafika, madawati yaliyo chini ya dirisha lile yaondolewe, hata kama watoto watabanana.

Sasa paa. Ingia darasani saa sita mchana jua likiwa kali, funga madirisha, tazama juu. Kama hakuna siling bodi utaona nyota: kila nyota ni tundu, na mengi yako kwenye misumari iliyolegezwa na upepo. Hayo huzibika kwa kazi ndogo. Kazi kubwa iko kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Mwombe fundi apande na bisibisi achome mbao, hasa pale zinapokalia ukuta, kwa kuwa ndipo maji hukaa na mchwa huanzia. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, msizungumzie bati jipya kabla ya mbao mpya.

Gata na mfereji wa kuyapeleka maji mbali na ukuta ndiyo kazi nafuu kuliko zote hizo, na ndiyo inayoahirishwa kila mwaka kwa kuwa hakuna mgeni anayeisifia. Anzeni nayo, mwende kwenye paa, ufa uje baadaye. Rangi siidharau, huwa inalinda mbao na chuma, ila zamu yake haijafika.

SWALI: Zege la dari ya bwalo letu linamwaga vipande na nondo zinaonekana zikiwa na kutu. Fundi anasema atapiga lipu kwa siku moja. Tumruhusu?
Mwalimu wa Zamu

JIBU: Hapana. Fungeni bwalo leo, mwalimu, hata kama mitihani ni kesho. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani. Lipu mpya itaning'inia juu ya kitu kinachosukumwa, halafu itaficha kila kitu. Uingereza, mwishoni mwa Agosti 2023, shule zaidi ya 100 ziliamriwa kufunga majengo au vyumba siku chache kabla ya muhula kuanza, kwa sababu ya zege jepesi lenye vitundu vya hewa, ambalo likilowa hudhoofika zaidi. Mwaka 2018 paa la zege hilo lilikuwa limeanguka katika shule moja ya msingi huko Kent. Ilikuwa mwishoni mwa juma, hapakuwa na mtu. La kwenu ni zege la aina nyingine, lakini nalo halitaangalia ratiba yenu. Mwiteni mhandisi, na ufunguo wa bwalo ukae mfukoni mwako.