Prosesa "mvivu" au "isiyo na kazi"?

Swali: Nasomea kompyuta hapa Arusha. Nikieleza jinsi Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, inavyochagua prosesa ya kupelekea kazi, niliandika: "Mpangaji anatafuta prosesa mvivu." Mwenzangu alicheka. Nimekosea wapi?

Jibu: Umekosea mara mbili, na kosa la pili ndilo zito.

"Mpangaji" kwa mtu wa Ngarenaro ni yule anayelipa kodi ya chumba. Maana ya anayepanga mambo ipo, ila haiji kwanza kichwani. Ukilikata liwe "kipanga", umepata ndege anayebeba vifaranga. Fuata njia ya kipazasauti na kipimajoto: andika "kipangakazi".

Sasa "mvivu". Uvivu ni tabia, tena ni lawama. Mvivu hupewa kazi akaikwepa. Pita kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mbuyuni, Moshi. Kijana aliyeketi juu ya pikipiki akisubiri abiria utamwita mvivu? Hana kazi kwa dakika ile tu. Prosesa nayo ni vivyo hivyo, ikipewa inafanya. Basi sema "prosesa isiyo na kazi". Ni refu, nakubali, lakini halisingizii.

Usikimbilie "iliyolala" kwa kutafuta ufupi. Prosesa isiyo na kazi inaweza kuzima baadhi ya sehemu zake ili kuokoa umeme, na usingizi ukiwa mzito inachelewa kuamka. Iliyolala haina kazi, lakini si kila isiyo na kazi imelala. Neno hilo litunze, utalihitaji hapo.

Utahitaji pia "kiini", yaani sehemu halisi ya chipu inayofanya hesabu. Kwenye mashine nyingi kiini kimoja huonekana kwa Linux kama prosesa mbili. Moja ikiwa kazini, pacha wake anaweza kuwa hana kazi, lakini nguvu wanagawana. Ndiyo maana kiini ambacho pacha wote wawili hawana kazi hupendelewa. Ukiandika "mvivu" kote, tofauti hii inapotea.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kazi iliyokuwa ikisubiri inapoamka, kipangakazi huangalia mapema prosesa iliyoifanya mara ya mwisho, kwa kuwa huenda data zake bado zimo kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa); kama prosesa hiyo ina shughuli, hutafuta isiyo na kazi kati ya zile zinazotumia kache moja, bila kupoteza muda mrefu kutafuta."