Modeli yangu ilikua inang'aa kushinda moto wenyewe

Juzi kuna kijana ameniandikia, yuko chuo anasoma uinjinia, "Kaka, modeli yangu ya kompyuta ya mwanga wa moto inakubali baa 1 (presha ya kawaida ya hewa) lakini nikipandisha presha inang'aa kupita vipimo, nifanyeje?" Wallahi nilivyosoma moyo ulinishtuka, manake hayo ni mimi kabisa, miaka mitatu nyuma.

Sisi Lamu tumekua na koroboi. Hebu iweke kando ya jiko la gesi usiku uangalie vizuri. Manjano ya koroboi ni masizi yaliyopata moto mpaka yakawaka, lakini ile buluu ya gesi ni kitu kingine, ni molekuli zinazozaliwa ndani ya moto zikiwa zimesisimka, zikitulia ndo zinatoa mwanga. CH (kaboni na haidrojeni) inatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 431, C2 (kaboni mbili) inatoa ukijani karibu na 516, halafu kuna OH (oksijeni na haidrojeni) yenye 308 ambayo jicho halioni ila kamera maalumu inaiona, na kwa hiyo watu wa injini wanajua moto umeshika wapi bila kuugusa. Nilivyojua hivyo nikasema maisha yangu ni haya.

Basi nikachukua GRI-Mech 3.0, orodha ya kemia ya kuungua kwa gesi, ile ya spishi 53 (aina za molekuli na atomu) na mimenyuko 325, nikaiendesha kwa programu ya Cantera kwa moto wa methani. OH iliyosisimka haimo mle, unaongeza mwenyewe, CH ikikutana na O2 inatoka CO na OH iliyosisimka, na kuna njia ya pili ya H na O zikigongana mbele ya molekuli ya tatu. Baa 1 ikakaa sawa. Baa 10 grafu ikapaa, na mimi kwa kiburi cha ujana nikaipeleka kwa masupavaiza hivyo hivyo.

Supavaiza mmoja akasema mbele ya wenzangu wote kwamba hata moto wa kuni sijauelewa. Inaniuma mpaka leo. Hakunionyesha kosa liko wapi, na mwalimu kazi yake ni kuonyesha, kuaibisha mtu hakumfundishi kitu.

Kosa nililiona mwenyewe baada ya miezi. OH iliyosisimka ikiachwa peke yake inaishi kama maikrosekunde 0.7 ndo itoe mwanga, lakini motoni inagongwa mapema sana, nishati inapotelea kwenye joto na mwanga hautoki. Mimi niliandika naitrojeni tu kama ndo inayoizima, eti kwa sababu hewa imejaa naitrojeni. Naitrojeni inazima kidogo sana! Mvuke wa maji ndo mkali, na moto wa methani unatengeneza mvuke wake wenyewe kwa wingi. Presha ikipanda mara 10 migongano nayo inapanda mara 10, kwa hiyo huko juu mwanga unategemea zaidi huko kuzimwa, na hapo ndo nilipokosea. Ndugu zangu andikeni kila molekuli inayozima na kiwango chake, msifanye uvivu hapo, nasema tena msifanye uvivu.

Nikarekebisha, mstari ukashuka, lakini wa OH bado ulikua juu ya vipimo wakati wa CH umekaa vizuri. Usiku huo stima imekatika niko juu ya dari hapa Shela na daftari na tochi ya simu, nikajiuliza kwa nini CH sawa na OH hapana? Ni kwamba OH za kawaida, zisizosisimka, zimejaa motoni na zinaumeza ule mwanga wa 308 kabla haujatoka nje, na presha kubwa inazidi kuzisongamanisha. CH za kawaida ni chache mno, hazimezi kitu. Yaani nilikua nahesabu mwanga unaozaliwa, kamera inahesabu unaotoka.

Mwezi uliopita mstari wangu umelingana na vipimo vya baa 10. Nilimpigia mamangu kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza baa 1, nenda 2, nenda 5, usiruke, na kila hatua angalia OH na CH pamoja. Faili nitumie, ila kabla hujatuma weka mvuke wa maji kwenye orodha ya vizimaji.