Ukifika Helensburgh usiulize "mzee anarudi lini"

Mtoto wa shangazi amepata kazi ya kutunza wazee huko Helensburgh, Scotland, sasa kila siku ni meseji, mara koti, mara buti, mara nibebe unga kilo ngapi. Koti chukua lenye kofia, mwavuli uwache Mombasa manake upepo wa kule utaugeuza nje ndani siku ya kwanza tu. Unga utapata Glasgow, treni ni kama dakika 45. Na chipsi usile ukitembea ufukweni, shakwe wa kule ni majambazi.

Hayo madogo. Mimi nimekaa Helensburgh miaka mitatu, mji mdogo, bahari iko hapo hapo mbele ya maduka, na ukishika barabara ya kwenda Garelochhead unapita Faslane, kambi ya wanamaji, ndo kwao zile nyambizi nne za makombora ya nyuklia za Uingereza. Sasa mimi mtoto wa Likoni, kambi ya nevi ya Mtongwe nimekua nayo, nikajiona nishazoea. Wapi!

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mke wa mtu wa nyambizi. Siku ya kwanza nikamsalimia kipwani, habari ya watoto, habari ya mzee, yuko wapi, anarudi lini? Akasema hayupo, akaingia ndani, mlango pa. Nikasema huyu ana maringo. Baadaye mama mmoja kazini ndo akanifungua macho: tangu 1969 lazima kila wakati kuwe na nyambizi moja imejificha baharini, na iko wapi hata mke haambiwi. Miezi na miezi. Mke anatuma ujumbe mfupi tu, na jibu hakuna kwa sababu chombo kikituma chochote kinaweza kujulikana kilipo, hata msiba mtu anaweza asiambiwe mpaka safari iishe. Angalau wa jahazi ulijua msimu ukigeuka atarudi.

Basi usiulize. Gonga mlango na kitu mkononi. Mimi nilianza na mahamri, halafu "kesho siku ya taka, nikutolee pipa?", na hapo ndo tukaanza kuongea. Na kwenye basi usianzishe mjadala wa nyuklia, wapinzani wamepiga kambi nje ya uzio wa Faslane na makaravani yao ya rangi rangi tangu 1982, hujui aliyekaa mbele yako anafanya kazi ndani ama ametoka kuandamana.

Siku moja mimi na yule jirani tuko Rhu, kijiji cha njiani kwenda Faslane, na watoto wake, pale maji yanapobana, ikapita nyambizi moja nyeusi tii, maboti yameizunguka. Akakatiza maneno katikati, akaitazama mpaka ikapotea kuelekea kambini. Siku mbili baadaye nikaona suruali za kiume kwenye kamba yake ya nguo. Sikuuliza kitu. Nilikanda unga wa mahamri mara mbili ya siku zote.