Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anaporudi Darasani Baada ya Kusomea Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto wa shule ya msingi aliyesomea nyumbani kwa muda mrefu arudishwe vipi darasani bila kuumia? Tumechagua tano.

Binti yangu ana miaka minane. Amesomea nyumbani mwaka mzima na shule inafunguliwa wiki tatu zijazo. Sasa hivi analala saa 5:00 usiku na kuamka saa 2:30 asubuhi. Nianze na masomo au na ratiba? – Mama wa Mtoto Mmoja

Mama, anza na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Ikiwa siku za shule ataamka saa 12:00 asubuhi, basi saa 2:30 usiku awe amelala tayari, siyo ndiyo kwanza anatafuta mswaki. Kutoka saa 5:00 hadi saa 2:30 ni tofauti ya saa mbili na nusu. Ukirudisha nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili, hatua kumi zitakuchukua siku 20, na wiki tatu zinakutosha kabisa. Ukianza leo, lakini.

Wazazi wengi hukosea kwa kuanzia usiku. Mtoto analazwa mapema, hana usingizi, anagaagaa kitandani, na baada ya siku tatu kila mtu amekata tamaa. Anzia asubuhi. Mwamshe dakika 15 mapema, umtoe nje kwenye mwanga, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Usingizi wa usiku utafuata wenyewe. Zima televisheni na simu saa moja kabla ya kulala. Jumamosi na Jumapili usimwachie apitilize zaidi ya nusu saa, maana siku mbili za kulala hadi jua kali zinafuta kazi ya wiki nzima.

Jambo dogo ambalo husahaulika: mjaribishe viatu vya shule sasa, akiwa amesimama. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba. Mguu wa mtoto haukungoja shule ifunguliwe.

Mwanangu anaingia darasa la nne. Nitajuaje amebaki nyuma kiasi gani? Nimenunua mitihani ya miaka iliyopita, lakini kila nikimpa analia. – Baba wa Wavulana Wawili

Baba, iweke kando hiyo mitihani. Inakuambia amekosa, haikuambii amekosea wapi.

Kwa kusoma, chukua kifungu cha maneno 100 hivi ambacho hajawahi kukisoma, kutoka kitabu cha darasa lake. Asome kwa sauti, nawe ukifuatilia na kuweka alama kimyakimya kwa kila neno alilokosea. Usimsahihishe katikati. Makosa yasipozidi matano, kitabu hicho anakimudu peke yake. Yakiwa kati ya sita na kumi, anakimudu akiwa na msaidizi. Yakizidi kumi, shuka kitabu cha darasa la chini bila kuona haya. Kisha funga kitabu umwambie akusimulie alichosoma. Anayesoma mbio lakini hana la kusimulia anahitaji mazungumzo na msamiati. Anayejikongoja lakini ameelewa anahitaji kukirudia kifungu kilekile mara tatu au nne mpaka ulimi uzoee. Ni dawa mbili tofauti, na ukizichanganya hutaona nafuu.

Sikiliza pia anakwama kwenye maneno ya namna gani. Wapo wanaoteleza kwenye *ng'ombe*, *kunywa*, *mbwa*. Hao warudi kwenye silabi hizo zenyewe. Wapo wanaosoma mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho, *anapiga* ikawa *anapika*. Na wengi huogopa kitenzi kirefu. Chukua *hawakumwambia*, ulifunike kwa kipande cha karatasi, umfunulie kidogo kidogo: ha-wa-ku-mw-ambia. Akishaona kwamba neno hilo limejengwa kwa vipande anavyovijua, hofu hupungua.

Kwa hesabu, mpe 402 toa 157. Jibu ni 245. Akiandika 355, usimwite mzembe. Amefuata kanuni yake mwenyewe: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Tatizo lake ni mamoja, makumi na mamia, na maswali mengine hamsini ya kutoa yatalikomaza kosa hilohilo. Rudi kwenye vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Afungue fungu moja kwa mkono wake, ahesabu, atoe, ndipo aandike. Anza na 42 toa 17, kisha nenda kwenye mamia. Sifuri ya katikati iwe ya mwisho, kwa sababu pale inabidi kufungua fungu la mia kwanza ndipo ufungue la kumi, na hata watoto hodari hujikwaa.

Kwa siku, dakika 15 za kusoma, 15 za hesabu na 10 za kuandika zinatosha. Tunasisitiza hili: mtoto anayekalishwa saa nne kila siku ili kufidia mwaka mzima huingia darasani akiwa amechoka na vitabu kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Mwanangu nyumbani anaandika vizuri, lakini shuleni hamalizi kunakili yaliyo ubaoni. Mwalimu anasema ni mvivu. – Mama Mwenye Wasiwasi

Kwanza angalia macho. Akikunja uso au kusogelea kitu cha mbali ili akione, apimwe kabla ya jambo lingine lolote. Macho yakiwa mazima, fahamu kwamba kunakili ubaoni ni kazi ambayo nyumbani hakuwahi kuifanya. Kitabu kilikuwa mbele yake. Darasani anainua kichwa, anashika maneno akilini, anainama, anatafuta alipoishia. Anayenakili herufi moja moja atainua kichwa mara ishirini kwa sentensi moja, na mwalimu atakuwa ameshafuta.

Bandika karatasi kubwa ukutani, hatua nne au tano kutoka alipokaa, yenye sentensi ya maneno matano. Hesabu anainua kichwa mara ngapi. Mfundishe achukue maneno mawili kwa mkupuo, ayanong'one, ayaandike bila kutazama tena. Akizoea, matatu. Mkono ukichoka, ujue misuli haijazoea: anza na dakika tano, ongeza mbili kila baada ya siku mbili.

Mjukuu wangu wa miaka saba kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, analia, ananing'ang'ania getini. Ikifika saa nne yuko nyumbani anacheza. Ananidanganya? – Bibi Anayelea Wajukuu

Shikamoo bibi. Hapana, hakudanganyi. Hofu husokota tumbo kweli, na maumivu yake ni maumivu. Mpeleke kwa daktari bila kuchelewa akiwa na homa, akitapika, akipungua uzito, au ikiwa maumivu yanamwamsha usiku au yanamjia hata siku zisizo za shule. Yakija asubuhi za shule tu na kutoweka akishaambiwa abaki, tafuta hofu.

Kila anapobaki nyumbani hupata nafuu palepale, na nafuu hiyo ndiyo inayoifanya kesho iwe ngumu zaidi. Kwa hiyo huruma ya kumbakiza, ingawa inatoka moyoni, inamwongezea mzigo. Usimuulize “kwa nini hutaki shule?” maana hana jibu. Pitia naye siku nzima kipande kwa kipande: njiani, getini, darasani, chooni, mapumziko, kurudi. Angalia anaponyamaza. Mara nyingi ni choo ambacho hajui kukiombea ruhusa, au mapumziko ambayo hana wa kucheza naye. La kwanza linamalizwa kwa kufanya naye mazoezi ya kuinua mkono na kusema “Mwalimu, naomba kwenda chooni.” La pili, mwalike mtoto mmoja wa darasa lake, mmoja tu, wacheze nyumbani kabla ya wiki kuanza. Lakini akiwa anapigwa au kutishwa, nenda shuleni siku hiyohiyo. Hilo si la kumwambia avumilie.

Hofu ikiwa kubwa, ivunje kwa hatua, ukipatana na mwalimu: mfike pamoja shule ikiwa tupu, kisha amwone mwalimu, kisha vipindi viwili vya mwanzo, kisha mpaka mapumziko, kisha siku nzima. Hatua irudiwe mpaka atulie. Getini, aga kwa sentensi moja na umwambie utakuja kengele gani, kisha ondoka. Usitoroke akiwa amegeuka, kwani kesho hatakuachia nguo. Na ukisema kengele ya mwisho, ikilia uwe umeshafika. Hali isipobadilika baada ya wiki mbili au tatu, omba ushauri wa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto.

Hatukumaliza mada zote. Nimweleze mwalimu, au nitamharibia mtoto sifa? – Mzazi Msomaji

Mweleze. Ukurasa mmoja tu: mada mlizosoma, mlizoruka, kitabu anachokimudu sasa, kosa moja la hesabu linalojirudia, na kinachomtuliza akikasirika. Ambatanisha kurasa mbili za daftari lake kama zilivyo, bila kusahihishwa upya. Mpe mwalimu siku chache kabla ya kufungua, maana asubuhi ya kwanza atakuwa na watoto darasa zima mlangoni na karatasi yako itaishia chini ya rundo.