Ngome za Dordogne zianzie mtoni: ushauri wangu baada ya safari mbili

Mama alipokuja kunitembelea Ubelgiji kutoka Tanga, alikuwa na ombi moja tu. "Usinizungushe madukani tena, mwanangu. Nipeleke mahali nikaone walivyoishi watu wa kale." Nikampeleka bonde la mto Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Tulikuwa watatu, mimi, yeye na mdogo wangu wa kiume, na tulikaa siku nne mwezi wa Juni katika kijiji cha Beynac.

Nilikuwa nimeshafika huko mara moja, na safari ile niliiharibu kwa haraka. Ngome tano kwa siku mbili: shuka garini, piga picha, panda garini. Nilirudi nyumbani nikiwa siwezi kutofautisha mnara wa ngome hii na wa ile. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanatoka zaidi kwenye safari ya pili, na neno langu kubwa ni hili: chagua kijiji kimoja cha kando ya mto, lala hapo siku zote, na siku ya kwanza usiingie ngome yoyote. Ingia mtoni.

Sababu yenyewe utaiona ukishakuwa majini. Mto huu ulikuwa barabara na ulikuwa mpaka. Barabara, kwa sababu mizigo ilishuka nao kuelekea Bordeaux. Mpaka, kwa sababu wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya wafalme wa Ufaransa na wa Uingereza, kuanzia 1337 hadi 1453, ngome ya Beynac ilikuwa upande wa Wafaransa, na ng'ambo ya mto ngome ya Castelnaud ilikaa miaka mingi mikononi mwa Waingereza. Zinatazamana. Mlinzi wa huku aliweza kuuona moshi wa jiko la kule. Ukipita kwa gari huoni uhusiano huo hata kidogo, kwa sababu barabara inapinda na miti inaziba.

Mimi na mdogo wangu tulikodi mtumbwi wa plastiki katika kijiji cha Cénac na kushuka nao mpaka Beynac, kama kilomita tisa. Mkondo wa Juni ni mpole, maji yanakusukuma yenyewe, na wenye mitumbwi wanakurudisha kwa basi dogo ulikoanzia. Saa mbili na nusu zinatosha, lakini tenga tano, maana utataka kusimama kwenye mafungu ya mchanga na kuogelea. Vaa viatu vya majini au makubazi yenye mkanda nyuma, kwani mawe ya chini yanateleza. Simu na pasi za kusafiria zitie kwenye pipa la plastiki wanalokupa, na kifuniko ukikaze mwenyewe. Kwanza utapita La Roque-Gageac, nyumba za rangi ya asali zimebanana chini ya genge la mwamba. Halafu Castelnaud juu kushoto. Halafu mto unapinda, na Beynac inatokea juu ya jabali la mita 150, ghafla, kama imechomoka mwambani. Mdogo wangu aliacha kupiga kasia. Tulikaa kimya, mtumbwi ukienda peke yake.

Kabla ya kufika hapo tulipita pia nguzo za zege katikati ya mto. Ni za daraja la barabara ya mchepuko, ambayo mahakama kuu ya kiutawala ya Ufaransa iliisimamisha Desemba 2018. Nawaonea huruma wenyeji ambao malori yanapita mlangoni kwao kila siku. Hata hivyo, baada ya kuliona bonde lile kutoka majini, naona majaji walifanya vyema.

Mama haogelei, na magoti yake hayamruhusu kuinama kwenye mtumbwi. Wa namna hiyo mpeleke kwenye gabare, La Roque-Gageac. Ni mashua za mbao zenye kitako bapa, safari ni karibu saa moja, unakaa kwenye benchi na kusikiliza maelezo. Asili yake ni mashua za mizigo zilizoshusha mbao za kutengenezea mapipa ya mvinyo. Zile zilizotoka juu kabisa, upande wa Argentat, hazikurudi: zikifika chini zilivunjwa na mbao zake zikauzwa. Mama ni mtoto wa fundi mashua. Aliposikia hivyo alishika mdomo. "Chombo kizima, safari moja? Babu yako angelia."

Na ndipo akaniuliza swali ambalo kila mgeni anapaswa kulijua jibu lake kabla hajapanda ngome: Waingereza walifikaje huku, mbali hivi na bahari yao? Jibu ni ndoa. Aliénor, aliyerithi nchi ya Aquitaine, aliolewa na Henry mwaka 1152, na mwaka 1154 Henry akawa mfalme wa Uingereza. Urithi wa bibi harusi ukawa mali ya taji la ng'ambo, na wajukuu na vitukuu wakaupigania kwa vizazi. Vita vya mwisho vilipiganwa Castillon, mwaka 1453, kwenye mto huuhuu, chini zaidi. "Mirathi," Mama akasema, na akatikisa kichwa kama anayeizungumzia familia ya jirani.

Hapo La Roque-Gageac msiondoke upesi. Pandeni hadi karibu na kanisa dogo, mtakuta bustani ya migomba na minazi ya mapambo. Genge limeelekea kusini, linashika joto la jua mchana na kuzuia upepo wa kaskazini, ndiyo maana mgomba unaota Ufaransa. Mama aliligusa jani kwanza kuhakikisha. Genge hilohilo liliua watu watatu mwezi Januari 1957, lilipomeguka na kuangukia nyumba. Ukitazama juu, sehemu lilipomegukia bado ina rangi tofauti.

Sasa ngome. Kwa Beynac, usimpandishe mzee kutoka mtoni. Ile njia ya mawe ni nzuri kuliko zote kijijini, lakini ni kali sana na ikilowa inateleza kama sabuni. Kuna maegesho juu, karibu na lango. Mpeleke kwa gari, kisha wewe teremka na upande kwa miguu asubuhi nyingine, kabla ya saa tatu, wakati bado hakuna watu na paka wamelala kwenye ngazi. Tazama mapaa ya lauze, mawe ya chokaa bapa yaliyopangwa moja juu ya jingine. Uzito wake ni mkubwa mno, ndiyo maana mapaa yamesimama wima hivyo na mbao zinazoyabeba ni nene kama mlingoti. Ndani ya ngome vyumba vingi ni vitupu, na mimi napenda hivyo: unaona moshi ulivyopaka ukuta, unaona ngazi ilivyolika katikati.

Castelnaud ni kinyume chake. Imefanywa makumbusho ya vita vya zama hizo, na uani wamesimamisha mashine za kurushia mawe za ukubwa wake halisi, zimeelekezwa bondeni. Ukiwa na watoto anzia hapo. Ukiwa na mtu mzima asiyependa silaha, kama Mama, nusu saa inatosha, kisha mkae ukutani mtazame Beynac kutoka upande wa adui.

Domme tuliipita haraka, nami nasikitika. Ni mji uliopangwa kwa amri ya mfalme Philippe wa Tatu mwaka 1281, mitaa imenyooka juu ya kilima, na mandhari ya bonde kutoka pale ni ya kuweka kiti. Kwenye lango liitwalo Porte des Tours kuna michoro iliyokwanguliwa ukutani, ambayo inasimuliwa kuwa ni ya mashujaa wa Hekalu, wapiganaji watawa wa Vita vya Msalaba, waliofungwa humo baada ya mfalme Philippe wa Nne kuwakamata mwaka 1307. Ulizia ofisi ya watalii mapema, usiende ukitegemea kukuta mlango wazi.

Mji wa Sarlat nenda Jumamosi asubuhi kwa ajili ya soko, ila ufike kabla ya saa mbili na nusu, maana baadaye hutapata pa kuweka gari. Kwa chakula, Waislamu wenzangu, ulizeni kila sahani. Huku bata ndiye mfalme: viazi vya Sarlat hukaangwa kwa mafuta yake, na saladi isiyo na neno la nyama kwenye menyu inaweza kuletwa imenyunyiziwa vipande vya nguruwe. Sema mapema, "sans porc, sans lardons," yaani bila nguruwe, bila vile vipande vyake. Sisi tulipanga nyumba yenye jiko. Tulinunua stroberi, jibini ya mbuzi na mkate wa walnati sokoni, na samaki tukapika wenyewe. Jumapili soko liko Saint-Cyprien, karibu na Beynac. Jumatatu maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo weka akiba.

Kuhusu kufika: treni ya kasi kutoka Paris hadi Bordeaux ni zaidi kidogo ya saa mbili, na kutoka Bordeaux kuna treni ya mkoa hadi Sarlat, safari ya karibu saa tatu kasorobo. Safari yangu ya kwanza nilishuka Sarlat Jumapili jioni sijapanga teksi. Stesheni iko nje ya mji na hakukuwa na gari hata moja, nikavuta sanduku mpaka katikati ya mji giza linaingia. Weka miadi ya teksi siku mbili kabla, au fanya kama tulivyofanya na Mama, kodi gari Bordeaux. Kwa wanaotoka nyumbani, viza ya Schengen huombwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mama aliomba ya Ubelgiji, si ya Ufaransa, ingawa aliingia nchi zote mbili. Unaweza kuwasilisha maombi miezi sita kabla, na bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Julai na Agosti ziepuke ukiweza.

Siku ya mwisho iwekeeni Les Milandes, kilomita chache kutoka Castelnaud. Kasri hili lilijengwa mwaka 1489 kwa ajili ya mke wa bwana wa Castelnaud, aliyechoka kuishi ndani ya ngome ya vita. Madirisha makubwa, mwanga, bustani. Lakini wengi tunakwenda kwa ajili ya Joséphine Baker, binti Mweusi wa Saint Louis, Marekani, aliyetamba Paris kwa uimbaji na uchezaji, akaifanyia Ufaransa ujasusi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akalinunua kasri hili mwaka 1947 na kulea humo watoto kumi na wawili aliowaasili kutoka pembe mbalimbali za dunia. Madeni yakamzidi. Mwaka 1969 alitolewa kwa nguvu, na ipo picha yake amekaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni, amevaa kofia ya kulalia, mguu mtupu. Novemba 2021 Ufaransa hiyohiyo ilimwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Tulipotoka nje aliitafuta ngazi yenyewe, akaipata, akaomba nimshikie mkoba. Akakaa. Mdogo wangu alitaka kumpiga picha, nikamzuia.