Mkutano wa siku tatu Arusha: niwapeleke wapi wageni?

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi wa saba nakuja Arusha kwa mkutano wa siku tatu pale AICC. Ofisi imenipa kazi ya kuwatembeza wenzetu wanne, wawili wa Bujumbura na wawili wa Kisumu. Mbugani hatutafika, tuna jioni mbili na mchana wa siku ya mwisho. Kila ninayemuuliza anasema Arusha ni njia ya kwendea Serengeti tu, mjini hakuna kitu. Ni kweli?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na mimi niliyezaliwa Kaloleni huumia kila nikilisikia neno hilo.

Anzieni hapo hapo mtakapokaa. AICC ilijengwa iwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata majengo yakawa kituo cha mikutano. Jumuiya ya sasa nayo makao yake yako jirani tu. Wakati wa chai watoeni wageni nje, muwaonyeshe. Tena Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanyia kazi humo humo AICC, ikafungwa 2015. Hukumu yake ya Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu ndiyo ya kwanza ambapo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Na wale wa Bujumbura wana lao: mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa mjini hapa tarehe 28 Agosti 2000, baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere, kisha, Mwalimu alipofariki, na Nelson Mandela. Warundi wameishi na mkataba huo katika siasa zao miaka yote hii. Wape nafasi wauzungumzie wenyewe, wewe sikiliza.

Jioni ya kwanza, kabla ya giza, shukeni kwa miguu Barabara ya Boma mpaka Mnara wa Saa, ambao wenyeji tunauita katikati ya Cairo na Cape Town. Njiani mtaipita boma ya Wajerumani, siku hizi ni makumbusho. Vijana watawafuata na picha za kuchora na bangili. Kama hamnunui, semeni asante mara moja, mwendelee na safari.

Jioni ya pili ni ya kula. Nyote mnatoka ziwani, samaki mnao kwenu, kwa hiyo hapa agizeni nyama choma na ndizi. Ukimpata mwenyeji wa Meru, muulize wapi wanapika loshoro, mahindi na ndizi kwa maziwa mgando. Hotelini ni nadra kuikuta, na mimi siwezi kumwacha mgeni aondoke Arusha bila kuionja.

Mchana wa mwisho wengi watakushauri Ziwa Duluti, kule Tengeru, barabara ya Moshi. Ni ziwa zuri la kreta, lina msitu na mitumbwi. Lakini kama ni kuchagua kimoja, mimi nachagua Makumbusho ya Azimio la Arusha, hapo Kaloleni kwenye mzunguko wa Mnara wa Mwenge. Katika jengo hilo, Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa ikapitisha siasa ya ujamaa na kujitegemea. Ni jengo dogo, na wapo wanaotoka wakisema wametegemea makubwa zaidi. Mimi udogo wake ndio unaonigusa: uamuzi uliogusa mabenki, viwanda na mashamba ya nchi nzima ulifanyika katika ukumbi wa mtaa, watu wamekaa karibu karibu. Wa Kisumu watakuwa na maswali mengi, maana Kenya ilifuata njia nyingine. Tenga saa mbili, usiwaharakishe.

Julai hapa ni baridi, hasa asubuhi na jioni, kwa hiyo waambie wa Bujumbura wabebe sweta. Mlima Meru utafuteni mapema asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Na kama mnaruka kutokea KIA, kumbuka uwanja uko kama kilomita 50 kutoka mjini na malori ya barabara ya Moshi hayana haraka. Gari liwe limekwisha kuagizwa tangu usiku.