Kwa wakunga wapya: kabla hujakimbilia sendofu

Jumamosi nimewakuta wadogo zangu wawili wa kazini wanakabidhiana zamu mlangoni. Anayetoka ameshavaa gauni la sare, uso umeshapakwa, bajaji inamngoja nje. Ripoti yote ilikuwa hii: "Wote wako vizuri, wa kitanda cha tano anaendelea." Anaendelea na nini? Njia sentimita ngapi? Nilinyamaza kwa sababu kina mama walikuwa wanasikia. Leo hawapo, naomba mnisikilize.

1. Sherehe nendeni. Mkunga asiyecheka na ndugu zake huishia kuwafokea wazazi wodini. Ila ruhusa iombwe kabla rosta haijabandikwa, na mkibadilishana zamu inchaji, msimamizi wa wodi, aandike. Makubaliano ya WhatsApp hayazalishi mtu.

2. Zamu inakabidhiwa kitandani. Miaka hiyo nikiwa mpya kama nyie, kwenye kituo kimoja cha huku kando ya ziwa, mdogo wangu wa damu alikuwa na sendofu, anaagwa kabla ya kuolewa. Ukumbi uko Kirumba, Mwanza, na mimi ndiye niliyepangiwa kumsindikiza akiingia. Saa tisa mchana nikazalisha mama, uzao wake wa tano. Mtoto kalia vizuri, oksitosini uniti 10, sindano ya kuubana mji wa mimba, nimechoma dakika ile ile, kondo limetoka zima. Nikamwuliza kama amekojoa, akasema hana mkojo. Nikaandika "mji umebana", na kweli ulikuwa umebana nilipougusa mara ya kwanza. Mara ya pili sikuugusa. Mnajua kila dakika 15 ina mstari wake kwenye karatasi; mimi nikaijaza mistari yote kwa mkupuo, hata ile ambayo saa yake haijafika. Mwenzangu alipoingia nikamwambia, "Wa kitanda cha tatu kazaa, yuko salama," nikaondoka.

Nilikuwa nacheza kuelekea mbele na zawadi kichwani, simu inaita mkobani, siisikii. Kibofu kilikuwa kimejaa, kimeusukuma mji juu na pembeni, ukalegea. Damu ikawa inakusanyika kwenye kitenge alicholalia, na kitenge cheusi hakionyeshi damu. Mwenzangu aliiona ilipoanza kudondoka sakafuni. Mpira wa mkojo, kusugua mji, dripu, chupa mbili za damu, gari la rufaa. Alipona, Mungu mkubwa. Barua ya kujieleza niliandika nikaisahau. Kilichobaki ni maneno ya mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama pale muda wote: "Yule sista wa kwanza alikuwa na haraka." Hakunitukana. Alisema tu alichokiona.

Kwa hiyo anayepokea aushike mji kwa mkono wake kabla anayetoka hajavua glavu. Na damu ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa kuikinga damu kwenye mfuko na kuipima, kisha kutoa tiba zote kwa mpigo bila kungoja moja ishindwe, kulipunguza utokaji mkubwa wa damu kwa asilimia 60. Ningekuwa nimeikinga, mama yule asingefika kwenye gari la rufaa.

3. Safari. Uliyekwenda nyumbani kisiwani Ukerewe na una zamu ya naiti, usitegemee boti ya mwisho kutoka Nansio. Ziwa likichafuka halisomi rosta. Wa Sengerema kisingizio kimekwisha tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Sisi tumekaa Busisi na mama wa rufaa, uchungu umemkolea, tunaiangalia feri iko ng'ambo inapakia malori. Mmoja alizalia humo humo kwenye gari, dereva kashika tochi huku kageuza uso.

4. Kitabu namba 12 cha MTUHA, rejesta ya serikali ya kuandikia uzazi, kijazwe mtoto akiwa bado kifuani kwa mama yake. Mnaongoja mwisho wa mwezi mnatunga hadithi. Na mtoto mfu aandikwe alivyokuja: kama mapigo yake yalisikika mama anapokelewa na ngozi haijachubuka, huyo kafa mikononi mwetu. Msimwandike kama aliyefia tumboni zamani ili takwimu za kituo zipendeze. Inchaji wangu wa zamani alikuwa anafungua kikao cha vifo kwa kusoma majina ya kina mama, namba baadaye, na hapo ndipo kila mtu alikumbuka alikuwa wapi. Sikilizeni mapigo ya mtoto kila nusu saa, yawe 110 hadi 160 kwa dakika, mchore patografu, chati ya uchungu, hapo hapo.

5. Watoto wa watu si wa kuweka stetasi.

6. Tarehe 5 Mei, Siku ya Wakunga Duniani, tutavaa fulana na tutaandamana, lakini leba haifungwi. Wa kubaki wapangwe mapema, wasiwe nyie wapya kila mwaka; hilo nitawasemea mwenyewe. Na pilau yao iwafikie ikiwa ya moto, nyama ikiwemo.